Huenda Unamfahamu

Mwaka 2010 binti yangu Emmanuella alinifungulia Facebook, akaiweka kwa Kiswahili ili nisimsumbue. Nikamsumbua vilevile. Kila nikiifungua, chini ya maneno "huenda unawafahamu", ilikuwa inaniletea sura ya Josiane wa Norsborg, mtaa wa jirani.

Kumfahamu! Mwanawe Firmin na Emmanuella wangu walikuwa wanapendana tangu mwaka uliopita, nasi hapa ugenini Alby tulikuwa tukisubiri upande wa kijana uje kubisha hodi, kama desturi. Hawakuja. Kisha nikasikia wajomba zake wanamtafutia msichana Oslo. Emmanuella alikuwa akilia bafuni huku amefungulia maji, akidhani sisikii. Roho iliniuma sana, lakini upande wa binti hauombi. Tungeanzia wapi?

"Kwa nini kitu hiki kinanitesa?" nikamuuliza.

"Kinaunganisha watu wanaofanana, mamma. Kanisa moja, kwaya moja, marafiki walewale."

Ati ndege wafananao huruka pamoja! "Mimi na yule tunafanana wapi?"

Alinionyesha skrini kwa kidole. Kwenye picha yangu nilikuwa nimeegemea gari la jirani, kwenye theluji, na koti jipya. Josiane naye alikuwa ameegemea gari, kwenye theluji, na koti jipya. Gari hilo nililitilia shaka. Nikabonyeza ili picha ikue, nihakikishe kuwa ni la mchungaji wetu.

Picha haikukua. Yalitokea maneno: ombi la urafiki limetumwa.

Nilipiga yowe. Upande wa binti umeomba! "Lifute! Lifute kabla hajaliona!" Emmanuella alicheka mpaka akashika ukuta. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu habari za Oslo, hata nikashindwa kukasirika sawasawa. Simu ikalia kabla hajafuta chochote.

"Mama Emmanuella," Josiane alisema kwa Kiswahili cha kwao, "njo weye mwenye uliniomba?"

"Kidole tu, Mama Firmin. Kidole kimeteleza."

Akashusha sauti. "Miye pia ile kitu inanionyesha sura yako kila siku. Naogopa kuigusa. Watu watasema nimeposa kwa mashine, bila wajomba, bila hata kreti ya soda. Na nilisikia binti yenu mnamtafutia daktari wa Uppsala."

"Daktari gani? Na yule msichana wa Oslo?"

"Wa Oslo gani?"

Tulicheka vibaya sana, mpaka nikakaa chini. Nikamuuliza na habari za gari. Lilikuwa la mchungaji.

Jumamosi walikuja, Josiane na wajomba wawili na kreti ya soda. Lifti ilikuwa mbovu, wakapanda ngazi wakihema. Nilisimama mlangoni nikakaza uso, maana wanaokuja kuposa hawapokelewi kirahisi hata kama uliwapikia tangu asubuhi.

"Ninyi ni nani? Sisi hapa hatuwafahamu."

Josiane alimtazama Emmanuella nyuma yangu, kisha akanitazama mimi.

"Huenda mnatufahamu," akasema.