Kupunguzwa kwa Mwalimu Mto

...baridi ya peni ndiyo iliyomshtua, si peni yenyewe, peni alijua inakuja, daktari alishamwambia leo ni kupima na kuchora tu, hakuna kisu leo, lakini hakumwambia kwamba wino ungekuwa wa baridi namna ile, ukateremka kutoka begani mpaka kwenye titi la kushoto kama tone la mvua linalotafuta njia, na yeye amesimama mbele ya kioo kirefu hana nguo kuanzia kiunoni kwenda juu, mikono hajui aiweke wapi, mwanamke mzima wa miaka arobaini na kitu, mwalimu wa chekechea, yeye anayewaambia watoto wa watu kila asubuhi wasimame wima waache kuchezacheza, na sasa ndiye anayeambiwa, "Simama wima, Mwalimu, usijikunje," kumbe amejikunja bila kujua, mabega yake yalishazoea kwenda mbele kama milango ya kabati bovu... na nyuma yake, kwenye kiti cha pembeni, mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, amekaa na simu mkononi anauliza kama mwandishi wa habari aliyembana waziri, "Na makovu, Daktari? Atabaki na makovu?" na daktari, mama mmoja mwembamba mwenye miwani iliyoshukia puani, anajibu bila kuacha kuchora, kovu lazima liwepo, hakuna anayekatwa asibaki na kovu, moja litazunguka chuchu, moja litashuka chini, jingine litajificha kwenye mkunjo, yatakuwa mekundu mwanzoni halafu yatafifia mwaka ukipita, hayatafutika kabisa, akikuahidi mtu kwamba hutabaki na alama yoyote mkimbie... na yeye kwenye kioo anaangalia mabega yake, maana huko alama ziko tayari na hakukatwa na mtu, kamba za sidiria zimemchimba mifereji miwili, mmoja kila upande, kidole kinaingia, na anajua kidole kinaingia kwa sababu alishawahi kukiingiza, si kwenye bega hili, kwenye bega la mama, jioni mama akirudi kazini anavua blauzi anakaa kwenye ukingo wa kitanda anasema njoo mwanangu nibonyeze hapo, hapo hapo, bonyeza kwa nguvu wewe hujala? na kidole chake cha mtoto kinatumbukia kwenye ule mfereji, ngozi yake laini na ya moto, na mama anafumba macho anashusha pumzi ndefu mpaka kitanda kinalia, na yeye akiwa mdogo alidhani mama wote wameumbwa hivyo, wana mahali pa kidole begani, kama vikombe vilivyo na mkono... "Na chuchu zitahisi kitu au zitakufa ganzi?" anauliza mdogo wake, haoni aibu huyu, hakuona aibu tangu kuzaliwa, na daktari anasema wengine hupoteza hisia kwa muda zikarudi, wengine zikapungua moja kwa moja, hawezi kumdanganya, na angekuwa bado anazaa wangezungumza na habari ya kunyonyesha pia, maana wengine maziwa hupungua... kuzaa, nani azae tena, watoto wake wawili wameota ndevu, na baba yao jana alipoambiwa tarehe akasema mgongo ni wako, maumivu ni yako, mimi nitakupeleka na nitakurudisha, kisha akaenda kutengeneza bomba la jikoni ambalo halikuwa limeharibika, akaligongagonga mpaka likaanza kuvuja kweli, na yeye akacheka peke yake chumbani, akacheka halafu akalia kidogo, kwa sababu nini hasa hajui, labda kwa sababu ya watoto wa darasani, wale wadogo wanaokuja na macho mekundu siku ya kwanza, wanawang'ang'ania mama zao getini kama kupe, na yeye anawapokea mmoja mmoja anawaweka hapa, hapa ambapo peni inapita sasa hivi, na wanalia wanachoka wanalala, na mmoja wao, kasichana kadogo kasikoweza hata kutamka jina lake vizuri, kakaamka mchana mkekani kakapapasa huku na huku kakauliza, mto wangu uko wapi? walimu wakaanguka kwa kicheko, na kuanzia siku ile akawa Mwalimu Mto, mpaka mkuu wa shule mgeni akamuuliza kwa heshima zote, samahani, wewe nyumbani kwenu ni ng'ambo ya mto? na wiki iliyopita alipompelekea ombi la likizo mkuu yule yule akasoma, akakohoa, akasema mwenzangu kumbe unapunguzwa, na kila mtu ofisini akageuka akidhani kafukuzwa kazi... watalala wapi hao wadogo? "Geuka kidogo, hivyo hivyo," daktari anapitisha futi ya kitambaa, anamtajia nesi namba, nesi anarudia, na mdogo wake anasema, "Yataota tena baadaye?" daktari anacheka, si nywele hizi, akinenepa sana yanaweza kuongezeka, akipungua yatapungua, na umri nao utafanya kazi yake kama kawaida... mama mdogo ndiye aliyemvuruga, alikuja Jumapili na mwavuli wake akakaa sebuleni kama jaji, akasema nimesikia, nimesikia unataka kwenda kukatwa ulichopewa na mama yako, mama yako alibeba hayo hayo miaka yote, alipika nayo, alifua nayo, aliwalea nayo, akaenda nayo kaburini na hakulalamika hata siku moja, wewe nani? na yeye akammiminia chai, maana ni kweli, hakumbuki mama kulalamika, anakumbuka tu yale mabega, anakumbuka mama akiweka leso iliyokunjwa chini ya kamba ya sidiria ili isimkate, anakumbuka kusinzia pale kifuani kwenye harusi za watu ngoma zikilia mbali, harufu ya sabuni ya kufulia na ya chuma cha pasi, dunia nzima imekuwa laini na ya moto na ina mapigo ya moyo ndani yake, na sasa yeye anaenda kuikata dunia hiyo, ndivyo alivyojiona tangu Jumapili, msaliti, mwenye kiburi cha uzeeni, na leo asubuhi akifunga vifungo alikuwa karibu kumwambia mdogo wake tusiende, tuseme naumwa... "Na kuinua vitu? Maana huyu anabeba watoto kutwa," na daktari anasema asibebe mtoto wiki sita, hata wa kwake, asiinue mikono juu ya kichwa siku za mwanzo, alale chali, na sidiria maalumu usiku na mchana, na awepo mtu wa kumsaidia kuoga na kuvaa, mdogo wake anasema mimi nitakuwepo, anasema haraka, kabla daktari hajamaliza, na sauti yake ina kitu, na yeye kwenye kioo anamwona mdogo wake ameiinamia simu na hasomi chochote... "Inua mikono, Mwalimu, sasa ishushe, sasa ruka kidogo, nione yanavyokwenda," ruka? hajaruka siku nyingi, anaruka, kidogo tu, visigino vinaachana na sakafu, na yote yanapanda yanashuka kwa uzito wake na maumivu yanamchoma mpaka kwenye shingo, na mikono, bila kuiamuru, inakuja yenyewe inakumbatia kifua, na hapo hapo, mikono ikiwa pale, yuko darasa la sita, kwenye uwanja wa shule wenye vumbi, yuko mbele ya wote kama kawaida yake, hakuna msichana wala mvulana aliyemshinda mbio mwaka mzima, lakini likizo ile mwili ulikuja wote kwa mkupuo kama mgeni asiyepiga hodi, na wavulana juu ya ukuta wakaanza kuimba kufuatisha hatua zake, bu-bu-bu, bu-bu-bu, na mikono yake ikaja hivi hivi, ikakumbatia, na nani anaweza kukimbia amejikumbatia, wakampita wote, akamaliza anatembea, akaenda nyumbani bila kuaga, na mama alikuwa anaanua nguo, akamtazama mara moja tu usoni, mdogo wake alikuwa hajazaliwa, walikuwa wawili tu pale, mama akaenda akafunga geti, akatia komeo, akavua kandambili, akasema haya, tuone kama kweli wewe ni hodari, tuzunguke nyumba, na mama yake, mama yake mnene, mama wa kwaya, akakimbia, akayashika matiti yake kwa mikono miwili kama aliyebeba matikiti ya wizi, akakimbia, anapiga kelele, nipishe, nipishe, wakazunguka nyumba mpaka mama akaanguka kwenye ngazi za jikoni anakohoa kwa kicheko, machozi yanamtoka, amejishika kifua anahema, na akasema... alisema nini? alisema kitu pale, yeye alikuwa amekaa ngazi ya chini yake, jasho linamwingia machoni, na mama akiwa bado anahema akasema, ah, mwanangu, haya yangekuwa ya kuvulika ningeyavua sasa hivi nikayatundika pale kwenye msumari, tukimbie mpaka giza liingie... alisema, kweli alisema, ningeyavua, na hakuwa anatania, au alikuwa anatania lakini mkono ulikuwa begani, unabonyeza ule mfereji, na yeye miaka yote hii alikibeba kile kicheko akakiacha kile alichokisema, na mama mdogo hakuwepo, mama mdogo hajui, mama hakulalamika mbele ya watu, basi, alingojea geti lifungwe... "Mwalimu, pole, yanauma?" daktari ameshusha peni, anamtazama kwenye kioo, "hapana, hayaumi," anasema, na anaona uso wake umelowa, nesi anampa karatasi laini, mdogo wake amesimama tayari, "Dada, kama hutaki tuondoke, sisi hatulazimishani," na yeye anatikisa kichwa, anajifuta, anapumua, na daktari anasema, "Mdogo wako ameuliza yote, wewe mwenyewe huna swali?" na anafungua kinywa akidhani hana, kisha anajisikia anasema, "Kukimbia, nitaruhusiwa lini kukimbia?" na mdogo wake anaangua kicheko cha mshangao, "Kukimbia? Wewe? Unamkimbia nani?" lakini daktari hacheki, anafikiri, anasema kutembea ni kesho yake tu, tena tutakulazimisha, kukimbia tungoje kama miezi miwili, mshono ushike sawasawa, uanze polepole, "Sasa simama wima tumalizie upande huu," na peni inarudi, baridi ile ile, inashuka kutoka bega la kulia, na yeye amesimama, mikono imening'inia, mabega yamekwenda nyuma yenyewe bila kuambiwa, miezi miwili, mvua zitakuwa zimekatika na uwanja umekauka, na ile nyumba ya mama sasa anakaa mdogo wake, hawezi kumkatalia, itabidi tu amwambie mapema aipandishe kamba ya nguo pale nyuma ya jiko, iko chini mno, mtu akija mbio itamkata shingo...