Mtumbwi Uliofiwa

Kamanga nzima hakuna anayejua kuongea na Ziwa kama mimi. Nimeliongelesha miaka sabini. Halijanijibu hata mara moja, lakini hata marehemu mume wangu alikuwa hivyo hivyo, na tuliishi vizuri tu.

Nkwabi yeye anajibiwa. Ndivyo alivyotuambia msibani, siku ya tatu tangu Elias, mtoto wa kaka yangu, azame kutoka kwenye mtumbwi wa huyo Nkwabi. Mwili haujaonekana. Tulikuwa tunalilia shati lake.

"Ziwa lilisimama kama mtu," alisema Nkwabi. "Likamwita Elias kwa jina. Nikavua jaketi okozi langu, lenye jina langu mgongoni, nikamrushia. Ziwa likalipokonya, likaenda nalo! Lilikuwa na hasira."

"Hasira ya nini?" akauliza Chenge, kaka yake Elias.

"Muulize mjane. Nani aliosha sufuria la masizi ziwani?"

Wote wakamgeukia Dorotea. Ziwa halipendi masizi, hilo hata mtoto anajua. Kweli aliosha, bomba lilikuwa limekauka. Mimi nilikuwa pembeni yake naosha langu, kubwa zaidi. Ila mimi Ziwa lingenila lipate nini, mifupa?

Chenge akampokonya mtoto mgongoni.

"Kesho ufungashe, urudi kwenu. Mtoto ni wa ukoo, anabaki."

Dorotea hakulia. Alishika kiguu cha mwanawe, akakataa kukiachia.

Nikajikohoza.

"Nkwabi mwanangu, Ziwa lina hasira, nimekubali. Basi na mtumbwi una uchungu. Wazee wetu walikuwa wakiupandisha nchi kavu mtumbwi uliofiwa, wakaulaza kifudifudi siku tatu uomboleze. Wako mbona unaelea tu, kama msiba si wake?"

"Hayo ya zamani, shangazi."

"Na Ziwa kuita watu kwa majina, hiyo ni sheria ya mwaka huu?"

Wanawake wakacheka, wakaficha vicheko kwenye khanga. Chenge akasema, "Shangazi kasema kweli. Tuupandishe."

"Mbao zimechoka, jamani! Mtauvunja!" Nkwabi akatutangulia mbio hadi ufukweni, akasimama mbele ya mtumbwi amepanua mikono. Wanaume wanane wakamsogeza, wakauvuta. Mimi nikawa naupigapiga ubavu: "Pole, mama. Lia tu, usijikaze."

Wakaupindua. Ukalia kweli: maji machafu yakamwagika, mbao za sakafu zikaporomoka, na bonge la kitu likadondoka mchangani, limefungwa kwa kamba ya nyavu, jeusi kwa oili. Pale lilipokuwa limeshindiliwa pakabaki ufa mpana. Niliingiza mkono, ukapita hadi kiwiko.

Dorotea akachuchumaa, akafungua kamba fundo kwa fundo. Likawa jaketi.

"Shemeji, ndilo hili ulilomrushia mume wangu?"

"Hilo? Aa, hilo ni lingine. La zamani. La... la Elias mwenyewe."

Dorotea akalisugua mgongoni kwa ncha ya khanga. Oili ikatoka polepole, herufi moja moja, rangi nyeupe, kubwa. Chenge akazisoma kwa sauti hadi ya mwisho, kisha akamrudishia Dorotea mtoto wake.

Nkwabi akaligeukia Ziwa, kama anangoja limwite na yeye.