Mahindi ya Mayu Kwandu

Stephania alipopangiwa kazi ya ugani wa kilimo katika kata ya Kimali, wilayani Meatu, mama yake kule Lamadi alimfungashia ndoo nzima ya dagaa, kana kwamba Meatu watu hawali. Ndoo ile ilimchukua miezi mitano kuimaliza. Hakuwa na mtu wa kula naye.

Alipanga chumba nyuma ya duka la pembejeo, chenye dirisha linalotazama ukuta. Baba yake alikuwa Mjita, mama yake mchuuzi wa samaki, na Kisukuma alichokijua kilikuwa cha sokoni: cha kusalimia na kupatana bei, basi. Kila asubuhi alipanda pikipiki ya ofisi akaenda mashambani. Watu walimpokea vizuri, wakamletea kiti, wakaitikia kila alichosema. Akishaaga, hata kabla hajawasha pikipiki, alisikia nyuma yake mazungumzo yakianza upya, na kicheko.

Hawakuwa na ubaya naye. Miaka michache kabla hajafika ulikuja mradi wa alizeti. Watu waliambiwa walime, wanunuzi wapo. Wakalima, wanunuzi hawakutokea, alizeti ikaishia kuliwa na panya ndani ya nyumba. Kwa hiyo Stephania aliposimama kwenye mkutano wa kijiji na kueleza kwamba chakula cha wanafunzi hakitanunuliwa tena kwa wafanyabiashara wa mjini, kwamba shule itachukua mahindi na kunde kwa wakulima wa hapo hapo, walimsikiliza huku wakichorachora chini kwa vijiti.

Aliyenyanyuka alikuwa mwanamke mjane, mwembamba, aliyejifunga kitenge cha kijani kilichopauka. Jina lake Kwandu.

"Hao watoto watapikiwa nini?" aliuliza.

"Uji asubuhi, mayu," Stephania alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma chake cha sokoni. "Mchana makande."

"Kila siku?"

"Kila siku ya shule."

"Mwaka ule wa njaa binti yangu mkubwa alikuwa anakwenda shule na maji tu tumboni. Akaacha darasa la tano. Niandike mimi."

Kwandu hakuwa mtu wa kufuata mambo ovyo, na kijiji kizima kilijua hivyo. Hadi mkutano unafungwa, nyuma ya jina lake yalikuwa yameandikwa mengine thelathini. Hao wakawa kikundi, na Mzee Ngassa akachaguliwa mwenyekiti wake.

Kwandu aliishi peke yake kwenye kaya yenye nyumba tano. Mume alikuwa amefariki, mabinti wameolewa Kahama na Geita, na simu zao zilikuja Krismasi. Nyumba nne zilikuwa zimefungwa milango kwa kamba za katani. Stephania alianza kupita pale akitoka mashambani. Hawakuwa na mengi ya kusema. Kwandu alimsahihisha Kisukuma chake na kumcheka waziwazi, na siku moja Stephania akagundua kwamba tangu afike Kimali hakuna mtu mwingine aliyewahi kumcheka mbele ya uso wake.

Mwaka ule mahindi yalikubali. Mwezi wa sita, watu wakiwa wameshavuna na kuanika, ikanyesha mvua isiyo ya msimu, siku tatu mfululizo. Wakati huo Kwandu alikuwa amelazwa Mwandoya kwa malaria. Aliporudi alikuta mahindi yake yamelowa uwanjani, mengine yameanza kunuka. Aliyaanika tena siku mbili, akayapiga, akayatia kwenye magunia kumi na moja. Zamu ya kwanza ya kupeleka shuleni ilikuwa yake, kwa heshima ya kuwa wa kwanza kujiandikisha, na hakutaka kuchelewa. Wenzake walikuwa bado wanaanika upya.

Stephania alipima pale stoo, mbele ya Kwandu, Mwalimu Mkuu Deogratias na mpishi, Felisita. Alichota mahindi kidogo kutoka kila gunia, akayasaga, akachanganya unga na dawa, akachovya karatasi ya kipimo. Mistari miwili maana yake salama. Mstari mmoja maana yake sumukuvu, sumu ile ya ukungu ambayo jicho haliioni, hata ukiosha na kupika haitoki.

Ulitokea mstari mmoja.

Akarudia. Alirudia mara tatu, na kila mara ulitokea uleule mmoja.

"Nini?" Kwandu aliuliza.

"Mayu, yameingia sumukuvu. Hayawezi kupokelewa."

"Yote?"

"Yote."

Kwandu alichukua punje chache, akazitazama kiganjani, akatia moja mdomoni akaitafuna. "Mbona ni mahindi," alisema, akatoka nje.

Mwalimu Deogratias alisubiri hadi alipokuwa mbali. Alikuwa mtu mwema, mwenye watoto wanne katika shule hiyohiyo. "Afisa," alisema kwa sauti ya chini, "stoo haina kitu. Mkataba wa yule mfanyabiashara umekwisha. Watoto mia sita wanafungua shule Jumatatu, na wengine wanatembea kilomita saba. Haya mahindi tunaweza kuyachanganya na mengine kidogokidogo, wenzake wakileta. Nani atajua?"

"Mimi."

"Sumu yenyewe haiui leo wala kesho."

"Ndiyo ubaya wake, Mwalimu. Inakaa kwenye ini la mtoto, inamdumaza, haimwachii hata alama ya kuonyesha." Alifunga kitabu chake cha vipimo. "Sisaini."

Felisita mpishi aliendelea kufagia sakafu iliyokwisha kufagiwa.

Magunia yalirudishwa nyumbani kwa Kwandu, na shule ikafunguliwa bila chakula. Siku ya kwanza kengele ya mchana ilipolia watoto walitoka na bakuli zao kwa mazoea, wakasimama karibu na jiko lisilo na moshi, kisha wakatawanyika. Waliokaa karibu walikwenda nyumbani. Wa mbali walikunywa maji ya bombani. Siku ya tatu madarasa ya jioni yalikuwa nusu tupu. Siku ya tano msichana wa darasa la sita alianguka akiwa ubaoni, na Mwalimu Deogratias akambeba mwenyewe hadi ofisini, akamnywesha chai ya sukari iliyokuwa ya walimu.

Stephania alizunguka. Alikwenda Mwandoya, akaenda Mwanhuzi, akapiga simu Bariadi kwa kila aliyemfahamu, hata kwa waliomwambia asipige tena. Nyumba kwa nyumba aliwahimiza wakulima wa kikundi waanike juu ya maturubai, wakaushe hadi kipimo kikubali. Walimpa kiti kama zamani, ila sasa hawakuitikia. Mzee Ngassa ndiye aliyesema wazi.

"Bibi shamba, mwaka wa alizeti walitukimbia wanunuzi. Mwaka huu mnunuzi yupo, wewe ndiye unayekataa. Unadhani sisi tutaona tofauti gani?"

"Ningekubali mngelisha watoto wenu sumu, mzee."

"Tumekula mahindi ya kulowa tangu babu zangu."

Stephania alikuwa na maelezo ya semina, yenye picha za maini. Akayaacha kwenye mkoba.

Jioni zile alikaa chumbani kwake akitazama ukuta. Mama yake alipopiga simu kuuliza habari, alisema nzuri. Mwenye duka alikuwa na mtoto shuleni. Aliacha kumsalimia, akawa anampa chenji kwa kuiweka juu ya meza badala ya mkononi. Nyumbani kwa Kwandu Stephania alikwenda siku ya nne, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Alimkuta anatwanga.

"Mwangaluka, mayu."

Kwandu aliendelea kutwanga.

"Mayu, nimekuja kukuomba. Na wewe usiyale."

Mchi ukasimama. "Nile nini?"

Stephania alikuwa amebeba unga debe moja kwenye pikipiki. Aliushusha, akauweka mlangoni. Kwandu aliutazama, kisha akamtazama yeye. "Uliniaibisha mbele ya mpishi," alisema. "Sasa umekuja kunilisha kama mgonjwa. Chukua vitu vyako."

Stephania alifunga unga ule tena kwenye pikipiki. Njiani ulifunguka ukamwagika nusu, asigeuke.

Siku ya tisa ndipo wakulima wanne wa kikundi walipoleta mahindi makavu, na yalipita. Siku ya kumi moshi ulitoka jikoni. Stephania alisimama nyuma ya darasa la kwanza akasikia kelele za watoto na bakuli, kelele kubwa ya furaha, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyemtafuta kumwambia neno. Akapanda pikipiki akaenda kazini.

Wiki mbili baadaye, akipita barabara ya juu, aliona moshi mzito kwenye kaya ya Kwandu. Aliendesha kwa kasi akidhani nyumba inaungua. Alimkuta Kwandu amesimama ukingoni mwa shimo alilochimba mwenyewe, ameshika reki, mahindi yanaungua humo ndani juu ya kuni na mabua ya pamba. Magunia saba yalikuwa yameshamwagwa. Manne yalikuwa bado.

Stephania alivua koti la pikipiki, akashika ncha moja ya gunia. Kwandu akashika nyingine. Walimwaga la nane, la tisa, la kumi. Moshi uliwaingia machoni, wakatokwa na machozi, na hakuna aliyejua yapi ni ya moshi.

"Nimekaa nayo wiki tatu na zaidi," Kwandu alisema hatimaye. "Nilikula kidogo. Kila nikishika mchi nawaona wale watoto wamenyoosha bakuli. Nikasema, kama siwezi kuwapa wao, kwa nini nijipe mimi? Mimi ni jalala?"

"Si jalala, mayu."

"Nyamaza. Sijakusamehe. Nimekusikia tu."

Walimwaga la kumi na moja. Stephania alipotaka kusema jambo, Kwandu alimgeuzia mgongo akaendelea kugeuza mahindi kwa reki. Stephania alikuwa amefundishwa Kisukuma cha kutosha kujua kwamba ameagwa.

Mwaka uliofuata Kwandu alilima eneo lile lile. Aliuza mbuzi wawili akanunua maturubai matatu. Stephania alimtembelea kikazi kama alivyowatembelea wengine, akapima unyevu, akaandika, akaondoka. Walisalimiana. Hakuchekwa tena, Kisukuma chake sasa kilikuwa kizuri kiasi cha kutochekesha, na huenda Kwandu asingecheka hata kingekuwa kibovu. Barua ya uhamisho kwenda Busega, wilaya ya kwao, aliouomba zile siku shule ilipokosa chakula, ilikuwa imekuja na kukaa mezani kwake. Hakuijibu mpaka muda wake ukapita, naye hakuweza kumweleza mama yake kwa nini.

Mwezi wa saba mahindi ya Kwandu yalifika shuleni kwa mkokoteni wa ng'ombe, magunia kumi na matatu. Stephania alipima. Mistari miwili. Akapima tena, si kwa shaka, bali kwa kuwa alitaka kuiona mara ya pili. Mwalimu Deogratias alisaini. Kwandu alisimama kama mtu aliyekuja kuchukua cheti, kisha akasema:

"Nataka kuonja yakipikwa."

Siku tatu baadaye alikuja na bakuli lake mwenyewe. Alipanga foleni nyuma ya watoto, mwanamke wa miaka sitini na kitu, na watoto walipomsukumia mbele alikataa. Felisita alimpakulia makande. Stephania alikuwa amekuja kukagua stoo. Felisita alimpakulia na yeye bila kumuuliza, akamwonyesha mahali pa kukaa, kwenye msingi wa jiko, palipokuwa na kivuli. Kando yake alikuwa ameketi Kwandu.

Walikula. Mahindi yalikuwa yameiva, kunde zimelainika vizuri, chumvi imepungua kidogo.

"Yameiva," Kwandu alisema.

"Yameiva, mayu."

Mbele yao watoto walikuwa wamekaa vikundivikundi, wakila kwa haraka ya watu wanaotaka kuwahi mpira. Kwandu aliwatazama mmoja mmoja, polepole, kama anayetafuta sura fulani. Labda alikuwa akimtafuta yule binti yake aliyeacha shule darasa la tano.

"Unakula na nani nyumbani?" Kwandu aliuliza ghafla.

"Peke yangu."

Kwandu alitikisa kichwa, akakomba bakuli lake kwa kidole. Kengele ililia, watoto wakakimbia, na uwanja ukabaki na vumbi. Wale wawili walibaki wamekaa kwenye msingi wa jiko, bakuli tupu magotini, mpaka kivuli kilipohama na jua likawafikia miguuni. Ndipo Kwandu aliponyanyuka, akasuuza bakuli lake kwenye ndoo ya Felisita, akalifunga kwenye kitenge, akaanza kutembea kuelekea kwake.

Stephania alimsindikiza hadi getini. Akasimama pale akimtazama mpaka alipokata kona ya josho la ng'ombe, kisha akarudi stoo kuhesabu magunia.