Kulwa Yuko Chini

"Jifunike tena," Onesmo alisema. "Mpaka puani."

Martina alivuta kitenge hadi puani, akainamia kompyuta. Kioo kilikuwa cheusi. Kisha kijisanduku cha kijani kikatokea, kikacheza kidogo kwenye picha yake, juu ya paji la uso, kikatulia. *Karibu, Martina.* Kazi yake yote ya jana ikafunguka pale ilipoishia, kama mtu aliyekatizwa usemi na sasa anaendelea.

"Yesu wangu," alisema Martina ndani ya kitenge.

"Subiri, bado." Onesmo alinyoosha mkono ukutani, akachomoa waya wa umeme. Kioo kikafa. Akauchomeka tena, akahesabu kwa sauti. Alipofika kumi na moja orodha ya majina ilikuwa imerudi, hakuna herufi iliyopotea.

Mfumo wa zamani ungechukua muda wa kuchemsha chai, na umeme ukikatika ulikuwa unameza majina. Mara ngapi Martina alikuwa ameandika upya mchana kutwa, akinakili kutoka daftarini, huku akilaani! Onesmo, fundi kutoka Shinyanga mjini, mzaliwa wa Njombe, alikuja Jumatatu na mfumo endeshi mpya ndani ya kitu kidogo kama kidole. Akaufunga kwa siku mbili. Kompyuta ile ile iliyokuwa inakoroma kama mzee sasa ilikuwa inaruka. Tena ilizungumza Kiswahili.

"Ubaya wake?" Martina aliuliza. Hakuwa mtu wa kununua kitu bila kukigeuza.

"Printa yako haiitambui. Ni ya zamani mno. Na ikitaka kujiapdeti inajizima yenyewe, haiombi ruhusa."

"Ina kiburi."

"Kidogo, mama."

"Mwenye akili hakosi kiburi. Sawa."

Ofisi yenyewe ilikuwa kibanda cha mabati kwenye geti la mgodi wa ushirika, upande wa Bulyanhulu, nje kidogo ya Kakola. Mbele yake kulikuwa na duara, shimo la mita themanini lenye winchi mdomoni na matawi manne ya njia chini. Kwa miaka sita Martina alikuwa karani wa geti hilo, na kazi yake ilikuwa moja: kujua nani yuko chini. Kila aliyeshuka alimwandika. Kila aliyepanda alimtazama usoni, akamkata kwa mstari. Ilipofika saa ya kulipua, Masudi mlipuaji hakugusa ufunguo wa kulipulia mpaka Martina aseme "sifuri". Siku zote alikuwa amesema sifuri na ikawa sifuri kweli.

Sasa meneja alikuwa ameagiza daftari lipumzike. Kamera iliwekwa kwenye nguzo ya geti. Mtu anapita, inamsoma, inalia *ting*, jina lake linahama kutoka safu hii kwenda ile. Ilikuwa inawajua hata wakiwa wamepakwa tope mpaka kope. Siku ya kwanza Martina alisimama akaitazama ikiwaita wanaume arobaini na mmoja, mmoja baada ya mwingine, bila kusita, akasahau kukaa. Aliwahi kuona watu wa mgodi mkubwa wakipita na magari yenye vioo vyeusi, akadhani mambo kama hayo ni yao. Kumbe yanaweza kuingia hata kwenye kibanda chake cha mabati.

Siku hiyo, Alhamisi, walishuka arobaini na mmoja. Kamera ililia mara arobaini na moja. Onesmo alikuwa anafunga begi lake ili awahi basi la jioni.

Mchana, saa nane, wakaanza kupanda. Masudi alikuwa amemaliza kushindilia baruti kwenye mwamba wa tawi la tatu, akapanda wa kwanza, akaja dirishani na kisanduku cha vilipuzi vilivyobaki.

"Mama Aneth, hesabu na uweke sahihi. Sitaki maneno."

"Na mimi sitaki haraka. Weka mezani," alijibu Martina, ambaye mgodini wengi walimwita kwa jina la bintiye.

Aliviinamia, akavihesabu kimoja kimoja. Kitu cha namna hiyo hakihesabiwi kwa kukadiria. Nyuma yake kamera ililia *ting*, na *ting*, na *ting* tena, watu wakipita, wakipiga kelele za njaa. Hakuinua kichwa. Kwa nini ainue? Kulikuwa na anayetazama badala yake.

Alipomaliza, Kulwa alikuwa dirishani, ameshanawa uso, maji yakimchuruzika kidevuni.

"Mwadila, mayu," alimsalimia kwa Kisukuma, kama mtoto kwa mama.

"Mwadila, baba. Pole na kazi."

"Doto ametoka?"

Kulwa na Doto walikuwa mabasa, mapacha wa mama mmoja kutoka Kolandoto, wenye miaka ishirini na minne, mabega yale yale na pengo lile lile la meno. Wenzao waliwaita kwa kukisia. Martina hakukisia: Kulwa husalimia akikutazama, Doto husalimia akitazama viatu vyako. Basi.

Alitupia jicho kwenye kioo. Jina la Doto lilikuwa kwenye safu ya waliotoka, na mbele yake 14:12.

"Ametoka. Saa nane na dakika kumi na mbili."

"Basi ametangulia kula, mchoyo huyo," Kulwa alisema, akaelekea kwenye kibanda cha Paskalia, aliyekuwa anapika ugali na dagaa mbele ya geti.

Saa nane na nusu filimbi ya kwanza ikalia. Masudi alikaa kwenye jiwe lake, mbali na mdomo wa shimo, kisanduku cha kulipulia magotini, waya mbili zikishuka gizani.

"Chini wangapi?" alipaza sauti.

Martina alitazama. "Mmoja."

"Nani huyo anayetuchelewesha?"

"Kulwa."

Kicheko kikalipuka kwenye mabenchi ya Paskalia. Kulwa aliinua kichwa, tonge likiwa shavuni.

"Mimi?"

"Wewe uko chini, bwana," mmoja alisema. "Huyu anayekula dagaa ni mzimu."

"Mzimu ulipe kabla haujapotea," alisema Paskalia.

"Kulwa, rambirambi tumpe nani?" Masudi aliita, naye akicheka. "Au tumpe Doto, mgawane?"

Onesmo alitoka nje na begi begani, uso umemwiva kwa aibu. "Mfumo mpya hauachi kuwa na utoto," alisema. "Kamera haikumwona alipopita, ndiyo yote. Mama, bonyeza jina lake, halafu pale palipoandikwa *Ondoa*. Itasoma sifuri."

Ilikuwa rahisi. Martina aliweka mshale juu ya jina. *Ondoa*, yale maandishi yakang'aa kumsubiri. Filimbi ya pili ikalia.

"Mama Aneth!" Masudi hakuwa anacheka tena. "Maji yanapanda huko. Baruti ikilowa, kazi ya siku mbili imekufa, na baruti isiyolipuka ni hatari kwa wa kesho. Sema sifuri!"

Kidole cha Martina kilikuwa juu ya kitufe. Hakujua kilichomzuia. Labda ni ile namba. Ilikuwa imekaa pale kwenye kona, moja, haipepesi.

"Onesmo. Hii inahesabuje?"

"Inajumlisha walioingia, inatoa waliotoka."

"Hapo hukosea?"

"Kwenye kutoa? Haiwezi. Mara arobaini na moja asubuhi, mara arobaini mchana, imebaki moja. Kwa sababu haikumwona Kulwa."

"Kulwa! Ulipita mbele ya kamera?"

"Nilipita. Ikalia ting."

"Ikakuita nani?"

"Sijui, mayu. Nani anasoma?"

Filimbi ya tatu ilikuwa tayari mdomoni mwa mpigaji. Martina alisimama hata kiti kikaanguka.

"Nani amemwona Doto?" Alitoka nje ya kibanda. "Sisemi kwenye kioo. Kwa macho yake. Nani?"

Wanaume walitazamana. Paskalia aliinua mwiko kutoka kwenye sufuria, akaushikilia hewani. "Kwangu hajafika," alisema taratibu.

Sahani ya Kulwa ilianguka. "Mayu, wewe umeniambia ametoka."

"Nilikuambia. Ametoka kwa uso wako." Akageuka. "Masudi, chomoa ufunguo! Chomoa, mtu yuko chini!"

Masudi hakuuliza. Alichomoa ufunguo, akautia mfuko wa shati, akafunga kifungo. Aling'oa waya kwenye kisanduku, akazisokota ncha zake pamoja, umeme usiguse baruti.

Kulwa alikuwa ameruka uzio, ameshashika kamba ya winchi.

"Wewe kaa," Masudi alimwambia, naye akiwa ameuruka. "Zile baruti nimezipanga mimi. Najua pa kukanyaga."

"Ni ndugu yangu!"

"Ndiyo maana ukae. Utakimbia. Kule hakukimbiwi."

Winchi ikamshusha. Kofia yake ikawa nukta ya mwanga, kisha hata nukta hakuna.

Kulwa alichuchumaa ukingoni, anaita jina la pacha wake kwenye shimo, na shimo linamrudishia. Martina alirudi dirishani kwa sababu miguu haikumpeleka pengine. Onesmo alikuwa ameketi chini, begi mapajani.

"Iliniuliza," alisema. "Jumanne, nilipowapiga picha mapacha. Wa pili alipokaa ikaandika, *Mtu huyu tayari yupo. Uendelee?* Nikabonyeza *Endelea*. Nilidhani imekosea."

Martina alitaka kumtukana. Alikuwa na matusi mazuri, ya Kisukuma na ya Kiswahili. Lakini na yeye je? Miaka sita alikuwa anatazama nyuso, na siku tatu zilitosha kumwachisha. Akameza.

Akaitazama namba. Moja. Hapo nje walikuwa watu arobaini wenye macho mazima, na fundi, na mpishi, na yeye mwenyewe, na wote waliamini kwamba shimo ni tupu. Walikuwa wamecheka. Kitu hiki ambacho hakikumjua Doto hata kidogo, kilichompachika jina la mtu mwingine, ndicho pekee kilichokataa kumwacha. Nywele zilimsimama mikononi. Hakuwahi kuhisi hivyo nje ya kanisa, na hakujua kama ni halali.

Winchi ilistuka. Kamba ikakaza.

Wa kwanza kutokea alikuwa Masudi, na nyuma yake, amejifunga mpira mrefu wa pampu ya maji begani kama nyoka aliyekufa, tope mpaka nyusi, alikuwa Doto. Amekasirika.

"Mmeniambia niuvute mpira wote usikatwe na mawe," alianza, akitazama viatu vya watu. "Nimebakiza kipande kidogo tu, huyu ananikamata shingo kama kuku. Filimbi gani? Pampu inaunguruma kule, nitasikiaje filimbi?"

Akaona nyuso zao. Akamwona pacha wake.

"Kuna nini? Nani kafa?"

"Wewe," alisema Masudi. "Umerudi."

Kulwa alimpiga kofi la kisogoni, kali, halafu akamkumbatia na mpira wake na tope lake, akang'ang'ania. Doto alisimama mikono imening'inia, haelewi, na kwa kuwa haelewi akaanza kumpigapiga mgongoni.

Walipopita getini Martina hakuondoa macho kwenye kioo. Doto alikuwa mbele. *Ting.* Jina likahama. *Kulwa, 14:58.* Kwenye kona, ile moja ikageuka kuwa sifuri.

Martina hakuisema sifuri hiyo. Alitoka, akapita kati ya wanaume, akamgusa kila mmoja bega na kumwita jina huku akimtazama machoni, na walioinamisha vichwa akawainua kidevu. Arobaini na mmoja, pamoja na Masudi. Hakuna aliyetania. Alipomaliza ndipo akasimama mbele ya mlipuaji.

"Sifuri," alisema.

"Una hakika?"

"Nimewashika."

Masudi akafungua kifungo cha mfuko wake. Filimbi tatu zikalia, mara hii bila kukatizwa.

Martina alirudi ndani. Kulwa na Doto walikuwa wamesimama getini, hawajaachana, vichwa vyao vimegusana mbele ya kamera bila wao kujua. Kwenye kioo kijisanduku cha kijani kilitulia juu ya uso mmoja. Kikasita. Kikahamia kwa mwingine. Kikarudi. Ardhi ikanguruma kutoka mbali chini ya sakafu, mabati yakagonga, vumbi jembamba likadondoka juu ya meza, na picha ikatikisika na kutulia. Kijisanduku kilikuwa bado kinakwenda, polepole sasa, kutoka kwa Kulwa kwenda kwa Doto, kutoka kwa Doto kwenda kwa Kulwa, na Martina akainama karibu zaidi, mkono mdomoni, akikisubiri kichague.