Inafungwa Saa Kumi na Mbili

Fundi Saa alikaa, akasimama, akakaa tena.

"Mjomba, ukiendelea kunizunguka hivyo nitashikwa na kizunguzungu," alisema mpwa wake, akiwa ameshika kipanya cha kompyuta. "Hebu tulia."

Atulie vipi? Programu ya kuchati aliyoizoea kwenye kompyuta yake ya mezani ilikuwa inafungwa leo, saa kumi na mbili jioni, isifunguke tena. Tangazo lilikuwa limemkodolea macho wiki nzima, naye, kama kawaida yake, alilidharau mpaka maji yakamfika shingoni. Sasa ilikuwa saa kumi na nusu, na saa zote zilizotundikwa ukutani zilikuwa zikimsema kwa sauti moja.

Simu hakuitaka. Mtu anayeshinda akichungulia vigurudumu vya saa hana jicho la kubakiza kwa herufi za simu. Alitaka kioo kikubwa na kibodi ya kugonga. Mpwa wake, fundi wa kompyuta na mwanamke mwenye subira, alikuwa ameshamwekea programu tatu. Ya kwanza ilikuwa nzito, kompyuta ikaanza kunguruma.

"Hii itaniulia mashine. Toa."

Ya pili ilikuwa na kengele kila dakika na vikatuni vya kukata viuno. "Hii ni ya kuchati au ni ngoma?" Ikatolewa. Ya tatu ilikuwa nyepesi, safi, haina kelele. Akaikataa nayo.

"Hii ina kasoro gani?"

"Siipendi tu."

"Mjomba, mchagua jembe si mkulima."

Kasoro ya zote ilikuwa moja, na Fundi Saa aliona haya kuitamka: jina la binti yake halikuwamo. Katika programu ya zamani lilikuwa la kwanza kwenye orodha, na kando yake kitone cha kijivu, maana yake hayupo. Miaka minne alikuwa akikitazama kitone kile asubuhi kabla hajagusa saa ya mtu.

Walikosana siku binti aliposema anakwenda kusomea kuchomelea vyuma. Baba alikuwa ameshamwekea kiti kwenye meza yake ya kazi. "Baba, hata viatu vyangu ulinichagulia wewe," binti alimwambia. Naye kwa hasira akajibu, "Basi nenda, na ukienda usirudi." Binti akaenda. Namba yake ya simu ikabadilika, na katika ukoo mzima hakuna aliyekuwa na mpya. Kilichobaki ni lile jina. Kumwandikia hakumwandikia, mkubwa hamwangukii mdogo, alijiambia. Alisubiri kitone kiwe kijani, aone kwamba mtoto anamtafuta. Na jioni hii jina lenyewe lilikuwa linafutika.

"Mjomba," mpwa aliita, akiwa anaipitia programu ya zamani. "Mbona umejificha?"

"Nimejificha wapi, si niko mbele yako?"

"Humu. Umejiweka kwenye maficho. Wewe unaona wengine, wao wanaona hupo." Akasogeza kipanya. "Miaka minne sasa."

Mzee akakumbuka. Alibonyeza mwenyewe, kesho yake baada ya ugomvi, ili binti asije akadhani baba anamngoja. Kisha akasahau. Wateja waliandika hata hivyo, wakijua fundi yupo yupo tu.

"Kwa hiyo kila akiingia..."

"Anaona hupo."

Mzee akamnyang'anya mpwa kipanya, akakosa kitufe mara mbili, ya tatu akakipata. Jina lake likapata kitone cha kijani.

Saa kumi na moja na robo. Hakuna kitu. Akafungua saa ya mteja, akadondosha skrubu, akaacha kuitafuta. Saa kumi na moja na nusu. Akaenda mlangoni, akarudi. Aliogopa, na hakuona sababu ya kuficha hilo nalo.

Saa kumi na moja na dakika arobaini, kitone cha binti kikageuka kijani.

"Baba? Kumbe upo?"

"Nipo," akaandika. "Nilikuwepo siku zote. Nilijificha. Nisamehe."

Jibu likaja. "Na mimi nilijificha. Naingia kila asubuhi, naangalia kama umefungua duka."

Mpwa akageuka, akajifanya anatafuta waya.

"Hii inafungwa sasa hivi," binti aliandika. "Tunahamia ipi?"

"Ya tatu!" mpwa alinong'ona. "Mwambie ile ya tatu!"

Fundi Saa akaandika jina la ile ya tatu, maana kusema kweli ndiyo iliyokuwa bora. Akalitazama. Akalifuta herufi moja moja.

"Chagua wewe," akaandika.

Kisha jina likatokea. Binti alikuwa amechagua ile ya kwanza, ile nzito.

"Mjomba, ile itakuulia mashine."

"Ife," alisema Fundi Saa. "Iweke."