Mpaka Zipate Moto

Mke alikuwa akipinda suruali ya mteja kwenye cherehani, mumewe akimwonyesha amplifaya ya gitaa aliyoifungua nyuma.

"Ona hizi taa za kioo. Huu waya wa ndani lazima upate moto kwanza. Ukishakolea, umeme unaruka humo ndani, na kile kisauti chembamba cha gitaa kinauongoza: sasa mwingi, sasa kidogo. Ndiyo inakuwa sauti kubwa."

"Kumbe jiko la mkaa," mke alisema, uzi mdomoni. "Unawasha, unasubiri."

"Hapohapo!"

Harusi ya Jumamosi ilitegemea amplifaya hiyo, na watoto walitegemea malipo ya harusi. Mume alirudisha ubao wa nyuma, akaisogeza ukutani, akachomeka gitaa. Mlango ukagongwa. Alikuwa afisa wa vibali vya muziki, ambaye mtaani walimwita Bwana Kelele, pamoja na mgambo wa kubeba vyombo. Ada ya kibali ilikuwa imepanda tena, na wapiga muziki wa mtaa ule walikuwa wameshindwa kuilipa.

"Kibali kiko wapi, kaka?"

"Nafuatilia, mheshimiwa."

"Haya, endelea kufuatilia. Vyombo vizima tunabeba. Vibovu vibaki, stoo imejaa."

Afisa aliiwasha amplifaya mwenyewe, akazikwaruza nyuzi za gitaa. Kimya. Akakwaruza tena.

"Imekufa hii," alimwambia mgambo, akatoa kalamu aandike. Hakuizima.

Mume aliinamisha uso. Mke alijua mkaa unakolea. Mvumo mdogo ukaanza nyuma ya ubao.

"Si nilikwambia ulitupe hilo dude!" mke alifoka. "Kila wiki harusi za watu, kwako hata kitanda cha watoto hakuna! Nimechoka, unanisikia? Nashona mpaka macho yanauma ili wewe ukapige gitaa!"

Mume alikodoa macho, kisha akaelewa.

"Kwani nakuzuia kuondoka?" alijibu kwa sauti ya juu zaidi, akaipiga swichi kofi la hasira. Ikazima.

"Jamani, majirani wanasikia!" Bwana Kelele alisema, akachana karatasi nyingine. "Kusumbua mtaa. Faini mkalipe ofisini."

Walipotoka, mume alicheka mpaka akakaa sakafuni.

"Mama watoto, wewe kiboko! Umeigiza hasa."

Mke aliiweka ile faini chini ya mkasi, akaivuta suruali ya mteja.

"Niliigiza pale mwanzo tu," alisema.