Majivu Getini

Hakuna aliyemlazimisha Enosi kumwongeza yule mzee wa kofia. Majivu peke yake yangetosha. Lakini Enosi alikuwa kinyozi, na kibanda chake karibu na soko la Tukuyu hakikujaa kwa sababu ya mashine yake ya mkono, iliyokuwa inanyofoa nywele zaidi ya kuzikata. Kilijaa kwa sababu ya mdomo wake. Hata wenye vipara walikuja.

Jumapili ile ya mwaka tisini na tatu alipita kwenye uwanja wa mpira akienda kufungua kibanda, akaona majivu yamemwagwa getini, mengi, juu ya tope. Akayaruka, akaendelea na safari yake. Alipofika kibandani, majivu yalikuwa yameshapata mwenyewe.

"Nyie mmelala, mwenzenu nimeona mambo," aliwaambia waliokuwa wakimsubiri. "Mzee mmoja, koti refu, kofia ya pama. Katoka upande ule walikolala wageni wetu wa Iringa. Kainama getini, kamwaga majivu, kanong'ona, halafu kaondoka kinyumenyume."

"Kinyumenyume?" akauliza Ackson, dereva wa gari la ndizi.

"Kama mkamwana aliyekutana na baba mkwe njiani!"

Kibanda kizima kilicheka. Lakini kicheko kile kiliisha upesi, maana siku yenyewe haikuwa ya mchezo. Milima Rangers, timu yao, ilikuwa imekaa Daraja la Pili miaka tisa, na miaka yote hiyo Enosi aliijua kama vidole vyake: mwaka walioshuka kwa bao la kujifunga, mwaka dizeli ilipowaishia Makambako wakahesabiwa hawakufika, mwaka waliokosa kupanda kwa bao moja tu. Zamani kiwanda cha chai kilipokuwa cha serikali, wachezaji walipewa kazi kiwandani na hakuna aliyeuliza timu inapanda lini. Sasa kiwanda kilikuwa na tajiri wake, na tajiri alishasema mbele ya watu: timu ikifika Daraja la Kwanza ataitunza, isipofika, yeye alinunua majani ya chai, hakununua mpira. Siku ile, dhidi ya wale wageni wa Iringa, walihitaji sare tu ili wapande.

Kufikia saa sita, mzee wa kofia alikuwa ameshafika kambini, na njiani alikuwa ameongezewa kibuyu. Kocha Ambindwile, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa, alisikiliza, akakohoa.

"Mimi mambo hayo ya uchawi siyaamini," alisema. "Lakini geti la nini, wakati ukuta upo?"

Basi wakazunguka nyuma ya uwanja, wakapanda ukuta wa tofali mmoja mmoja, mvua inanyunya, mashabiki wanawasukuma matako kwa shangwe. Lugano, golikipa, alikuwa wa mwisho. Aliruka, akatua juu ya kipande cha tofali kilicholowa, na mguu ukalia kama muwa unaovunjwa gotini. Golikipa wa akiba alifungwa mawili. Rangers walirudisha moja.

Jioni ile watu walimlaani mzee wa kofia hadi sauti zikakauka. Enosi hawakumlaani. Enosi walimpongeza.

"Huyu alituonya!" walisema, wakimpigapiga mgongoni. Akanunuliwa chai ya maziwa na maandazi mawili, akala. Andazi la pili aliliacha nusu alipoona Lugano anapitishwa juu ya machela ya mianzi, amejifunika uso kwa glavu zake. Na kiwanda kilikuwa kimempa Lugano kazi kwa sababu ya glavu hizo.

Jumanne kibanda kilikuwa kimejaa kama kawaida. Ackson alikuwa kitini, kichwa kimenyolewa nusu, Enosi akisimulia kwa mara ya ishirini, sasa bila raha, kama mtu anayebeba gunia asilojua pa kulitua. Mara mlango ukaingia giza. Alikuwa Atuganile, mama yake Lugano, anayeuza chai na ndizi za kuchemsha nje ya geti la uwanja. Wanawake hawakuzoea kuingia pale. Wanaume wakasogea.

"Mugonile," alisalimu, akiinama kidogo.

"Ugonile, mama. Karibu," akaitikia Enosi.

"Sikai, Baba Doreen. Nimetoka kwa mchungaji. Nimemwambia, akasema nije niwaambie na wenye timu." Akavuta pumzi. "Yale majivu ni ya kwangu. Kila siku ya mechi mvua ikinyesha, nazoa majivu ya mafiga yangu, namwaga pale getini ili vijana wasiteleze."

Akasogea mpaka aliposimama Enosi.

"Sasa nakuuliza wewe uliyeona," aliendelea. "Yule mzee alimwaga ya kwake pembeni, au alisemea maneno juu ya haya ya kwangu? Kama ni ya kwangu, basi mimi ndiye niliyemkabidhi silaha ya kumvunjia mwanangu mguu. Tangu juzi nampelekea uji, lakini kumtazama usoni siwezi."

Wote walimgeukia Enosi. Na mdomo wake, ule mdomo uliojaza kibanda, ulikuwa na jibu tayari: pembeni, mama, kule karibu na nguzo. Neno moja tu, mama angetulia, naye angebaki na jina lake. Lakini macho yake yaliangukia viganja vya yule mama, majivu yamejaa kwenye mipasuko ya ngozi.

"Hakuwepo mzee," alisema.

"Unasemaje?"

"Niliona majivu tu, mama. Mzee nilimtunga. Na kofia yake, na kunong'ona, na kurudi kinyumenyume."

"Kwa nini?"

"Watu walikuwa wengi kibandani," alijibu, na alipoyasikia maneno yake mwenyewe, uso ulimwaka hadi masikioni.

Atuganile alikaza kanga kiunoni. "Kwa hiyo geti lilikuwa salama, mwanangu akaruka ukuta bure."

"Bure, mama."

"Basi twende ukamwambie wewe mwenyewe. Nakusubiri hapo nje."

Watu walianza kutoka, bila kumtazama, bila hata kutaniana. Akabaki Ackson, kitambaa shingoni.

"Malizia upande huu, Enosi," alisema. "Nami niende zangu."

Enosi alimalizia. Mashine ilinyofoa, Ackson hakupiga kelele. Kisha alifunga kibanda saa nne asubuhi, akamfuata yule mama aliyetangulia kwenye manyunyu. Walipokatiza sokoni, mtu kwenye meza ya parachichi alipaza sauti:

"Enosi! Lete habari!"

Hakuinua kichwa.